Kuotesha Begonia ya Shina Refu Nyumbani kwa Vipandikizi

Begonia ya shina refu, ile yenye majani yaliyopinda upande kama bawa la ndege na madoadoa ya rangi ya fedha, ni mmea ambao katika nyumba nyingi za kwetu hauingii kwa kununuliwa. Mgeni huusifu barazani, mwenyeji humkatia tawi, na tawi hilo husafiri hadi nyumba nyingine likiwa limeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Mara nyingi kinachofuata ni glasi ya maji, wiki kadhaa za kusubiri, mizizi mizuri myeupe, na hatimaye mmea ndani ya chungu ambao umeshika lakini haukui. Mimi mwenyewe, hapa Tanga, niliwahi kukaa na kipandikizi cha namna hiyo kwa miezi minane. Mizizi yake ilijaa kopo zima, na jani lake moja lilikuwa na afya, lakini hakikutoa chipukizi hata moja. Jani lile lilipozeeka na kudondoka, shina nalo likafa. Sikukosea maji wala udongo. Kosa lilikuwa limefanyika siku ile ile ya kukata, kwa sababu nilikata kipande kisicho na jicho.

Shina la begonia hii limegawanyika kwa mafundo kama muwa, na anayejua kupanda muwa au mhogo tayari anajua nusu ya kazi hii. Mkulima wa miwa hapimi pando lake kwa urefu tu. Hutazama lina macho mangapi, kwa sababu mizizi italishikilia pando ardhini lakini muwa mpya utatoka kwenye jicho. Katika begonia, jicho limo kwenye kwapa la jani, pale kikonyo kinapoungana na shina, na mara nyingi limefichwa na vijani viwili vyembamba vilivyokauka kama karatasi. Vifunue taratibu kwa ukucha. Ukiona kijinundu cha kijani au chekundu, kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, hapo pana jicho. Ukiona kovu la mviringo lililobonyea, au kipande cha kikonyo kilichonyauka, hapo palitoka kichala cha maua, na kwa kawaida fundo lililokwisha kutoa maua halitoi tawi tena. Ndiyo maana tawi linalopendeza kuliko yote, lile lililojaa maua, ndilo baya kuliko yote kwa kuotesha, kwani mafundo yake mengi yamekwisha kutumika. Kipande chenye jicho na kisicho nalo vyote viwili hutoa mizizi, kwa hiyo mizizi kwenye glasi si ushahidi kwamba umefanikiwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, usijaribu kuotesha aina hii kwa jani peke yake. Ua la Usambara, ambalo duniani linajulikana kwa jina la Saintpaulia na ambalo asili yake ni misitu ya milima ya mkoa huu na ya jirani, huoteshwa kwa jani moja tu lililochomekwa kwenye udongo, na begonia ya rex, yenye majani ya rangi nyingi na shina linalotambaa, nayo huzaa vijimche kwenye mishipa ya jani lake. Jani la begonia ya shina refu litatoa mizizi na kuishi muda mrefu, lakini ni nadra sana kuzaa mche. Mbegu nazo ni ndogo kama vumbi, na kwa kuwa begonia nyingi za majumbani ni chotara, ikiwamo ile maarufu iitwayo Lucerna iliyotokea Uswisi mwishoni mwa karne ya 19, miche inayotokana na mbegu haifanani na mama yake. Anayetaka mmea ule ule alioupenda kwa jirani hana njia nyingine ya uhakika zaidi ya kipande cha shina.

Kuhusu majira, mizizi hutoka vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 25. Pwani, wakati mzuri ni kipindi cha kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, kwa kuwa joto la kaskazi huozesha kipandikizi kabla hakijapata muda wa kujiponya kidonda chake. Kwa wakaao Lushoto, Njombe au Limuru mambo yamegeuka: Juni na Julai ni baridi mno, kipandikizi hukaa bila kufa wala kuota, na ni afadhali kungoja joto la Septemba au Oktoba.

Mmea mama unyweshwe jioni ya siku inayotangulia, na kipandikizi kikatwe asubuhi kabla jua halijapanda, wakati shina limejaa maji. Chagua tawi lisilo na maua wala vichwa vya maua, lenye unene unaokaribia ule wa kalamu ya risasi. Sehemu ya juu kabisa, ambayo bado ni laini na yenye kujaa maji, huoza upesi. Sehemu ya chini iliyokwisha kuwa ngumu na ya rangi ya kahawia huchelewa. Inayofaa ni ya katikati, iliyokomaa lakini ambayo ukiibonyeza kwa kidole inabonyea kidogo. Urefu wa sentimita 10 hadi 15, wenye mafundo matatu, unatosha. Kati ya mafundo hayo, moja litakuwa ndani ya udongo ili litoe mizizi, na angalau moja la juu yake liwe na jicho ulilolihakikisha kwa macho yako. Mimi siku hizi sikati kabla ya kulitia alama jicho hilo kwa uzi.

Tumia wembe mpya au kisu chembamba kilichofutwa kwa spiriti. Mkasi hauna budi kuachwa, kwani shina la begonia lina maji mengi na mkasi hulibana kabla ya kulikata, na pale palipopondeka ndipo kuvu huanzia. Kata kwa mkato mmoja, nusu sentimita chini ya fundo, kwa kuwa mizizi hujitokeza kwa wingi zaidi kwenye fundo, na kipande kirefu cha shina kikiachwa chini yake huoza na kupeleka uozo juu. Ukikata mimea zaidi ya mmoja, futa wembe tena kila unapohama, maana iko bakteria inayoishambulia begonia na kuacha mabaka ya majimaji kwenye majani, nayo husafiri kwa urahisi kwa kisu. Utomvu wa begonia una chumvi za oksaleti zinazowasha mdomo na koo, kwa hiyo vipande visiachwe sakafuni penye watoto au paka.

Baada ya kukata, ondoa majani yote ya chini na ubakize moja au mawili ya juu, yaliyo madogo. Jani kubwa linapendeza, lakini linapoteza maji ambayo shina lisilo na mizizi haliwezi kuyarudisha. Wengine hulikata jani kubwa nusu. Mimi naona kingo za jani lililokatwa huanza kuoza chini ya mfuniko, na kama lipo jani dogo ni bora kulibakiza hilo. Kichwa chochote cha maua kinyofolewe, hata kikiwa hakijafunuka. Kisha kilaze kipandikizi kivulini, juu ya karatasi safi, kwa saa moja au mbili, hadi mkato ukauke juu na kuwa kama ngozi nyembamba.

Watu huuliza kuhusu unga wa homoni unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Begonia haiuhitaji. Ncha ya tawi na majani machanga hutengeneza auksini, ambayo ndiyo homoni yenyewe ya kuchochea mizizi, na hiyo hushuka kwenye shina kuelekea chini. Ukilikata shina, auksini hukwama na kujikusanya kwenye mkato, na mizizi huanza hapo. Unga wa dukani huongeza kasi kidogo, lakini ukizidishwa unaunguza shina laini. Mdalasini wa unga, ambao umekuwa dawa ya kila kitu siku hizi, sijaona umenisaidia zaidi ya wembe safi.

Sasa tuje kwenye udongo, ambako ndiko vipandikizi vingi hufia. Katika misitu ya Usambara na ya Kilimanjaro huota begonia ya kienyeji inayopanda miti, Begonia meyeri-johannis, ambayo jina lake linamkumbuka Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Hiyo si ya kung'oa na kupeleka nyumbani, lakini inafaa kutazamwa pale ilipo, kwa maana inaonyesha begonia hupenda kukaa wapi: kivulini, kwenye hewa yenye unyevu ambayo haijatuama, mizizi yake ikiwa ndani ya majani yaliyooza na kuvu-mwani wa magogo, si ndani ya tope. Udongo mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi, ambao mchicha ungeufurahia, kwa kipandikizi kisicho na mizizi ni kaburi. Hukaa na maji siku nyingi, hauingizi hewa, na samadi yenyewe imejaa vijidudu vinavyongojea kidonda.

Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu mbili za nyuzi na unga wa makumbi ya nazi, sehemu moja ya mchanga mkavu wenye chembe kubwa, na konzi moja ya mkaa uliopondwa hadi kufikia ukubwa wa punje za mahindi yaliyoparazwa. Kila kimoja kina tahadhari yake. Makumbi ya pwani mara nyingi yamefukiwa kwenye maji ya bahari ili yalainike kwa ajili ya kusokota kamba, na hayo yamejaa chumvi. Yaloweshe kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, yakamue, na urudie mara tatu, hadi maji ya mwisho yakiguswa kwa ulimi yasiwe na ladha. Mchanga uwe wa mto, kamwe usiwe wa ufukweni. Mkaa uchekechwe ili vumbi litoke, kwa kuwa vumbi ndilo linaloziba nafasi za hewa. Vikishachanganywa, vimwagie maji yanayochemka, viache vipoe na vichuje. Mchanganyiko uliokuwa tayari ukiukamua kwa mkono hutoa tone moja au mawili ya maji. Ukitoa mchirizi, uuanike kwanza.

Chombo kiwe kidogo. Kopo la mtindi lenye upana wa sentimita saba au nane, lililotobolewa matundu manne au matano chini, ni bora kuliko chungu kikubwa cha udongo, kwa sababu mchanganyiko usiofikiwa na mizizi hubaki na maji na kuchacha. Toboa shimo kwa kijiti au kwa nyuma ya kalamu, tumbukiza kipandikizi hadi fundo la chini lifunikwe kwa sentimita mbili hivi, kisha bana mchanganyiko kwa vidole pande zote ili shina lisimame lenyewe. Usichomeke shina moja kwa moja, maana chembe za mchanga zitaikwangua ngozi ya mkato. Ukitaka chungu kitakachojaa majani baadaye, weka vipandikizi vitatu kwenye kopo moja, kwani shina refu likiwa peke yake huwa na sura ya mlingoti.

Kipandikizi kinahitaji hewa yenye unyevu kukizunguka hadi kipate mizizi. Maelekezo mengi hutaka kifunikwe kwa mfuko wa plastiki, lakini Tanzania mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu mwaka 2017, na kwa kweli hatukupoteza kitu. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, ikate kitako, uifunike juu ya kopo huku kizibo chake kikiwa mahali pake. Kuta za chupa hazilaliani na majani kama mfuko ulivyokuwa ukifanya, na kizibo ni dirisha: kifungue kila asubuhi kwa nusu saa, na ukiona matone makubwa yanateremka ndani ya chupa, kiache wazi mchana kutwa. Pwani wakati wa mvua mimi huacha kizibo wazi moja kwa moja, kwani hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha.

Mahali pa kuweka ni karibu na dirisha linaloelekea mashariki, au kwenye baraza lenye kivuli, ambapo unaweza kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa lakini jua halipigi jani. Jua likiingia ndani ya chupa kwa saa moja tu, joto lake litakipika kipandikizi. Baada ya hapo kazi kubwa ni kutokifanyia kitu. Usimwagilie hadi sehemu ya juu ya mchanganyiko ikauke kwa kina cha kucha ya kidole, na chini ya mfuniko hilo linaweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Begonia nyingi zilizokufa mikononi mwetu zilikufa kwa kunyweshwa na mtu aliyekuwa na huruma.

Kati ya wiki ya tatu na ya tano, vuta kipandikizi juu kwa vidole viwili, kwa nguvu ya kung'oa unywele. Kikikataa, kina mizizi. Kikija, kitazame: mkato ukiwa mgumu na mweupe, wenye vijipele, kirudishe, ukiwa mweusi na laini, uozo umeingia. Uozo hupanda ndani ya shina kabla haujaonekana nje, kwa hiyo kata juu zaidi, kidogo kidogo, hadi sura ya mkato iwe ya kijani kibichi bila duara la kahawia katikati, kisha uanze upya kwa mchanganyiko mpya kama bado kuna jicho lililobaki. Jani moja la zamani likidondoka katika wiki ya pili si hatari. Vumbi jeupe juu ya majani ni ukungu unaoletwa na hewa iliyotuama. Fungua kizibo na uondoe jani hilo. Wadudu weupe kama vipande vya pamba, wanaojibanza kwenye kwapa la jani, wafutwe kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti, kwa uangalifu kwamba usilivunje jicho lenyewe.

Njia ya glasi ya maji sikuitaja kwanza kwa makusudi, ingawa ndiyo inayopendwa. Inafanya kazi. Chukua chupa yenye mdomo mwembamba ili shina lisimame bila kuzama, jaza maji yaliyokaa wazi usiku mmoja au maji ya mvua, na uhakikishe ni fundo moja tu lililo ndani ya maji na kwamba hakuna jani linalogusa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi, ambayo mitaa mingi ya pwani inayo, hayafai. Badilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu, na uisugue chupa ikianza kuteleza ndani. Mizizi huonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Ubaya wa njia hii ni kwamba mizizi iliyozaliwa majini ni ya kuvunjika upesi na imezoea kuzungukwa na maji, kwa hiyo ikihamishiwa udongoni baadhi yake hufa na mingine mipya hulazimika kuota. Hamisha ikiwa na urefu wa sentimita mbili au tatu, usingoje iwe ndefu na ya kupendeza, na kwa wiki ya kwanza weka udongo ukiwa na unyevu zaidi kidogo kuliko kawaida chini ya ile chupa iliyokatwa.

Kipandikizi kilichoshika kizoeshwe hewa ya nje kwa siku nane hivi, kwa kuondoa chupa saa mbili siku ya kwanza na kuongeza kila siku. Jicho likifunuka na kutoa jani jipya la kwanza, ambalo huwa jekundu na limekunjika kama kijishikizo, subiri la pili, kisha hamishia kwenye chungu cha sentimita 10 hadi 12. Hapa mboji iliyochekechwa inaweza kuongezwa, sehemu moja kwa tatu za mchanganyiko wa awali. Mbolea ya maji isianze kabla ya mwezi mmoja, na iwe nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mche ukifikia majani matano, nyofoa ncha, la sivyo utapanda juu kuelekea dirishani bila tawi.

Begonia ndogo za bustanini, zile za majani ya mviringo yanayong'aa zinazotoa maua mwaka mzima, huoteshwa kwa namna hii hii, ila vipande vichukuliwe kwenye machipukizi yanayotoka shinani chini kabisa, kwa kuwa huko juu karibu kila fundo limekwenda kwenye maua. Aina zenye shina linalotambaa hazichomekwi wima. Kipande cha sentimita tano chenye jicho hulazwa juu ya mchanganyiko na kufukiwa nusu.

Kimebaki sasa kile kisiki cha mmea mama, ambacho wengi hukiacha kikiwa kimening'inia vibaya kwa kuogopa kukigusa. Kikate kwa mteremko juu ya fundo la pili au la tatu kutoka chini, kwenye jicho lililo hai, na kipunguziwe maji kwa kuwa majani ya kuyanywa yamepungua. Baada ya wiki chache machipukizi mapya yatatoka chini, manene, yasiyo na historia ya maua. Yaache yafikie mafundo manne au matano, kwa sababu humo ndimo vitakamopatikana vipandikizi vya msimu ujao vyenye jicho karibu katika kila kwapa.